BUSTANI: DARASA TULILOLIFUKIA KWA SARUJI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Aliyeteremsha maji kutoka mbinguni, akaotesha kwayo mimea ya kila namna. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tunapenda tuzungumzie nyua za nyumba zetu. Neno "bustani" tumelirithi kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni mahali penye harufu nzuri. Lakini nyua nyingi za mijini leo hazina mche hata mmoja. Palipokuwa na mwasumini pamesakafiwa. Watoto wetu wanahifadhi Suratur-Rahman na kusoma habari za mitende na mikomamanga ya Peponi, lakini wapo ambao ukiwasimamisha mbele ya mkomamanga hawaujui.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, tunafundishwa kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala kwao ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kwamba hata Kiyama kikitufikia nasi tuna mche mkononi, tuupande tukiweza. Hebu tuzingatie: apandaye saa hiyo hatarajii kuvuna. Basi kupanda kwenyewe ni ibada.

Waliotutangulia waliyafahamu hayo wakayafanya kuwa elimu. Katika karne ya 11, katika mji wa Toledo, Andalusi, ambayo leo ni sehemu ya Hispania, aliishi mtaalamu wa kilimo aitwaye Ibn Bassal, aliyehudumu katika bustani ya mtawala wa mji huo. Kitabu chake kina milango 16, nacho kinaanza na maji, udongo na mbolea kabla ya kufika kwenye miti. Udongo peke yake aliugawa katika aina kumi. Mzazi mwenye busara ataona hapo funzo la malezi pia: mche haulaumiwi kabla udongo haujatazamwa.

Mwaka 1085 Toledo ilitekwa na mfalme Alfonso wa Sita. Bustani haifungwi mzigo ikabebwa. Ibn Bassal aliiacha. Lakini elimu aliondoka nayo. Alihamia Seville, akaanza upya, akafundisha wengine. Karne moja baadaye, Ibn al-Awwam wa mji huo huo wa Seville aliandika kitabu kikubwa kinachoeleza mimea 585, naye alimtegemea sana Ibn Bassal. Mwaka 1802 kitabu hicho kilitolewa mjini Madrid pamoja na tafsiri ya Kihispania. Ndiyo kusema, warithi wa walioiteka Toledo walirudi kusoma kwa wale waliotoka.

Athari hiyo imebaki katika ndimi. Mhispania husema "naranja", nasi husema narinji. Yeye "limón", sisi limau. Yeye "azúcar", sisi sukari. Maneno hayo ni ndugu, yamesafiri pamoja na miche kupitia kwa Waarabu.

Bustani ilizaa sanaa pia. Huko Granada, katika bustani ya Generalife, mfereji mmoja wa maji ulitosha kuupa ua mzima uhai na utulivu. Wafumaji wa Iran walifuma mazulia yenye sura ya bustani iliyogawanywa kwa mifereji, ili hata wakati wa baridi mtu aketi katikati ya maua. Katika karne ya 16 mafundi wa Iznik, Uturuki, walichora tulipu na mikarafuu ya maua kwenye vigae vya misikiti. Nasi hatukuachwa nyuma: itazameni milango ya kuchonga ya Unguja na Lamu, ilivyojaa maua na majani yanayotambaa. Lakini fundi huchonga alichokijua kwa macho yake. Mtoto asiyewahi kuona ua likifunguka asubuhi atachonga nini?

Ndugu wasomaji, Ibn Bassal alinyang'anywa bustani kwa vita. Sisi zetu hakuna aliyetunyang'anya. Tumezifukia kwa mikono yetu, na elimu ya bibi zetu tunaizika pamoja nao.

Huenda mtu akasema, "Sina nafasi." Kopo lililotobolewa chini linatosha kwa mrehani, ndoo iliyopasuka inatosha kwa mchaichai. Tunapendekeza kila familia ianze hivi: kila mtoto apewe mche mmoja awe mlezi wake. Amuulize bibi au babu jina la mche huo na matumizi yake. Atafute ulitoka nchi gani. Kisha auchore, jani kwa jani, bila haraka. Na maji ya kutilia udhu yakikingwa katika beseni yasimwagwe ovyo, yamwagiliwe mche.

Siku moja mche huo utatoa kivuli, na mpita njia tusiyemjua atapumzika chini yake. Huenda wakati huo sisi tumo makaburini, nayo sadaka yetu ingali inaandikwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) azifanye nyumba zetu kuwa bustani za elimu na kheri, na atukutanishe katika Bustani zake za milele. Amin.

Wabillahi Tawfiq.