Unanunua Pumzi au Kelele?

Saa nne usiku, mtaa wowote wa Dar. Kwa mbali inasikika "brrm-brrm, brrm-brrm". Mbwa wanabweka, mtoto aliyekuwa ameshalala anaamka, na mzee barazani anasonya. Gari lenyewe halijatokea kwenye kona lakini kila mtu ameshajua: hiyo ni Subaru, na anayeendesha ni kijana.

Ugonjwa huu haukuanza jana. Waliokuwepo miaka ya tisini wanaikumbuka Safari Rally na zile Impreza za bluu na njano zikitimua vumbi la Kenya. Colin McRae alishinda nayo mwaka 1997, na Richard Burns akaipa Subaru ushindi mwingine mwaka 2000. Leo WRX zilizotumika Japani zinashushwa bandari ya Dar na ya Mombasa, na kitu cha kwanza kijana anachotaka kubadilisha, kabla hata hajakagua matairi na breki, ni ekzosi.

Sawa, gari ni lako na hela ni yako. Ila kabla hujafungua pochi, jiulize unanunua nini: pumzi ya injini au kelele? Maana vyote viwili vinauzwa kwenye duka moja, vimening'inizwa ukuta mmoja, na muuzaji hana haraka ya kukwambia kipi ni kipi.

MLIO UNATOKA WAPI

Wengi wanadhani mlio wa Subaru unatengenezwa na ile sailensa ya nyuma. Wapi! Injini ya EJ20 imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto. Moshi wa pande zote mbili unakusanywa na manifodi na kupelekwa kwenye tabo, na tabo limekaa upande mmoja tu. Moshi wa upande wa pili una safari ndefu zaidi, kwa hiyo mapigo hayafiki kwa mpangilio sawa. Ule mdundo unaowaamsha watoto ndiyo huo. Sailensa inaongeza au kupunguza sauti tu, kama kitufe cha redio.

Sasa cheki vituko. Kijana anaambiwa kuna manifodi yenye mabomba ya urefu sawa, eti inasaidia tabo kuamka mapema. Ni kweli, inasaidia. Anauza bodaboda yake, ananunua, anafungiwa. Anawasha gari: mdundo umekufa! Gari linalia laini kama Toyota. Hakudanganywa na mtu, ila hakuuliza. Ndiyo maana hata Legacy za tabo za kuanzia 2003 hazilii kama zile za zamani. Subaru wenyewe waliziwekea mabomba ya urefu sawa tangu kiwandani.

Na hapo kuna mtego mwingine. Magari hayo ya Japani, pamoja na STI nyingi za miaka hiyo, yana tabo la matundu mawili ya kuingizia moshi. Manifodi yake na bomba linalopandisha moshi kwenye tabo haviingiliani na vya tabo la tundu moja. Ukiambiwa "hii ya Impreza, inaingia zote", usitoe hela. Andika namba ya chasisi na aina ya injini, nenda nazo dukani, na ikiwezekana piga picha tabo lako kwa chini.

PANAPOBANA

Moshi unatoka kwenye injini, unapita manifodi, unapanda kwenye tabo, halafu unashuka kwa bomba jingine kwenda kwenye katalisti, bomba la kati, na mwisho sailensa. Kwenye WRX ya kiwandani panapobana zaidi ni pale nyuma tu ya tabo, kwenye bomba la kushukia pamoja na katalisti yake. Kama una hela ya kitu kimoja, hapo ndipo pa kuiweka. Ukibadilisha sailensa ya nyuma peke yake, umepata sauti, labda na kilo chache zimepungua. Nguvu utakayoongeza utaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sababu ni hii. Feni ya tabo inazungushwa na tofauti ya presha kati ya moshi unaoingia na moshi unaotoka. Ukifungua njia ya kutokea, feni inazunguka mapema na bila kulazimishwa. Ndiyo maana kwa gari la tabo bomba la inchi 3 kuanzia kwenye tabo hadi nyuma siyo mbwembwe. Piga hesabu: tundu la inchi 3 lina nafasi kubwa kuliko la inchi 2.5 kwa asilimia 44. Hiyo nusu inchi siyo mchezo.

Lakini usiende nalo kwa rafiki yako mwenye Mark II GX110 ya 1G-FE au Altezza, ambazo hazina tabo. Huko hesabu ni nyingine. Injini isiyo na tabo inategemea mwendo wa moshi: moshi unaokimbia unavuta ule unaoufuata. Ukimpa bomba pana mno, moshi unazubaa na kupoa njiani, na gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa. Wapo mafundi wanaosema injini "inataka presha ya kurudi". Haitaki presha, inataka moshi wenye kasi. Kwa injini ya lita 2 ya namna hiyo, inchi 2.25 hadi 2.5 zinatosha kabisa. Na kusema kweli, mwenye GX110 anayefunga bomba la inchi 3 na sailensa ya ndoo ananunua kelele tupu, ajue hivyo na afurahi nayo.

HAPA NDIPO INJINI ZINAPOFIA

Sehemu hii isome mara mbili. Kontroli boksi ya gari lako ilipangiwa bomba la kiwandani. Ukifungua njia ghafla, hewa inayoingia inazidi ile iliyokadiriwa. Tabo lina kimlango, westigeti, cha kupitisha moshi pembeni presha ikifika kikomo. Bomba likiwa jepesi mno, kimlango kinaweza kuzidiwa, na presha ikaendelea kupanda injini inapozunguka kasi. Petroli isipoendana na hiyo hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, injini inaanza kugonga ndani. EJ ina udhaifu unaojulikana: pistoni kukatika kwenye kingo zinazoshika ringi. Ikifika hapo humuhitaji fundi ekzosi tena, unahitaji injini.

Ongeza na hili: WRX na STI za Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye oktani karibu 100. Ya pampu zetu mara nyingi iko chini ya hapo. Kwa hiyo gari linafika huku tayari limekonda kwenye usalama wake, halafu wewe unalifungulia pumzi.

Basi bei ya bomba la kushukia siyo ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Jumlisha na bei ya kupangiwa upya kontroli boksi na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko, siyo mwenye masikio tu. Kama hela haitoshi kwa vyote viwili, bomba likae chini ya kitanda mpaka itoshe. Mwezi mmoja wa kusubiri ni bei rahisi kuliko injini.

"BOSI, TOA HIYO SEGA"

Ukifika gereji utasikia: "Bosi, toa hiyo sega, gari itaruka." Anasemea katalisti, lile kopo lenye matundu kama sega la nyuki. Na mara nyingine atakwambia kazi hiyo ni bure, au hata atakupunguzia gharama nyingine. Ukiona ukarimu wa namna hiyo, shtuka. Ndani ya sega mna platini, paladiamu na rodiamu, madini yanayonunuliwa kwa bei kali na wanaokusanya makopo hayo. Unaweza ukatoka gereji umeacha kitu chenye thamani kuliko bomba ulilofungiwa. Kama unaitoa, ondoka nayo kwenye buti.

Zamani kulikuwa na kisingizio. Petroli ilikuwa na risasi, na risasi inaua katalisti. Lakini petroli hiyo iliondolewa Afrika ya kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Leo katalisti nzima inaweza kufanya kazi huku kama ilivyofanya Japani. Ukitaka pumzi bila kutoa harufu ya kukereketa macho kwenye foleni, zipo katalisti za bati zenye matundu 200 kwa inchi ya mraba badala ya 400 au zaidi. Zinapoteza nguvu kidogo sana. Mpangilio ninaoupenda mimi kwa gari la kutembelea kila siku ni huo.

Kuna moja ambayo ni lazima uitoe au uikague: WRX zilizouzwa Marekani 2002 hadi 2005 zina katalisti ndogo kabla ya tabo, kwenye bomba la kupandia. Ikivunjika, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye feni.

ORIJINO NA FEKI

Majina makubwa ni ya Japani: HKS waliopo tangu 1973, Fujitsubo, Kakimoto, Tomei. Na kila jina kubwa lina pacha wake wa bandia. Sailensa nyingi halali za Japani zina kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa sailensa za michezo, kilichochomelewa au kugongwa, siyo stika. Kwa miaka mingi kikomo cha kule kilikuwa desibeli 96 gari likiwa limesimama, kwa hiyo sailensa halali ya Japani huwa na adabu kuliko unavyodhani.

Nenda dukani na sumaku na tochi. Stenlesi ya daraja la 304 haishikwi na sumaku, au inashikwa kidogo tu kwenye mikunjo. Daraja la 409 inashikwa, nayo bado ni stenlesi, ila itaota kutu ya juu, hasa kwa sisi tunaopulizwa na upepo wa chumvi. Ukiambiwa ni titani, inyanyue: iwe nyepesi ya kushangaza. Ile rangi ya bluu na zambarau kwenye ncha siyo ushahidi, inapakwa. Mulika ndani uone kama chomelezo limeingia na kubana tundu.

Usidharau cha kutengenezewa Gerezani, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi. Fundi mzuri wa chuma cha kawaida anaweza kumshinda feki wa stenlesi. Tazama mikunjo yake. Bomba lililokunjwa kwa nguvu linajibonyeza kama mrija wa soda, na inchi 3 zako zinabaki inchi 2 na ushee kila kona. Fundi anayejua anakata vipande na kuviunga ili upana ubaki uleule. Mwambie pia aweke bomba lenye kunyumbulika nyuma ya injini, maana injini inacheza na bomba gumu litapasuka. Halafu apandishe bomba juu kadiri inavyowezekana. Matuta yetu hayajali umelipa bei gani.

Kuhusu sauti, kuna kitu wauza spea hawakisemi: mvumo. Sailensa ya wazi inafurahisha mtaani, lakini ukishika mwendo wa barabara kuu, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000, kichwa kinajaa. Jaribu kwenda Morogoro, kilomita karibu 190, na shemeji yako amekaa nyuma. Dawa yake ni sailensa ndogo ya katikati. Haikuli nguvu ya kuonekana. Na trafiki hahitaji mashine kukusimamisha, masikio yanamtosha.

Sasa imefungwa. Kabla hujaondoka gereji, gari likiwa limepoa, liwashe, mtu azibe ncha ya nyuma kwa tambara nene kwa sekunde chache, wewe sikiliza kwa chini. Ukisikia "fsss", kuna tundu. Tundu likiwa kabla ya sensa ya oksijeni linavuta hewa, sensa inadanganyika, na gari linaanza kunywa petroli. Likiwa chini ya sakafu ni baya zaidi: moshi una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu waliofunga vioo na kuwasha kiyoyozi kwenye foleni. Hakikisha pia ncha imetokeza nje ya bampa. Ikiishia chini yake, bampa litayeyuka na moshi utarudi ndani kupitia buti.

Baada ya kilomita mia chache rudi ukakazwe bolti zote, kwa sababu gasketi mpya hukaa na kulegea. Na kutoka hapo gereji mpaka kwa mtu wa kupanga kontroli boksi, endesha kama umebeba mayai. Usikanyage mafuta mpaka mwisho, hata kama jirani ameleta Evo.