Wajumbe wa Kinga Wasionyamaza: Saitokini na Baridi Yabisi ya Viungo

Mgonjwa wa baridi yabisi hutueleza jambo moja kabla ya mengine: asubuhi vidole havikunjiki, na hata kufunga vifungo vya nguo humchosha. Wengi hulaumu baridi ya usiku au uzee. Chanzo hasa ni kinga ya mwili wenyewe, na protini ndogo ziitwazo saitokini, ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari.

Vimelea vinapoingia mwilini, saitokini huita msaada, kisha hunyamaza. Katika baridi yabisi hazinyamazi. TNF-alfa huufanya utando wa kiungo uvimbe na kuziamsha seli zinazomega mfupa. Interlukini-6 husafiri kwa damu hadi kwenye ini, ikachochea protini ya CRP tunayoipima maabara, pamoja na hepsidini, inayoyazuia madini ya chuma yasitoke ghalani. Ndiyo maana upungufu wa damu wa mgonjwa huyu mara nyingi hauponi kwa vidonge vya chuma pekee.

Mwaka 1992, katika Hospitali ya Charing Cross jijini London, Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwapa wagonjwa kingamwili inayozuia TNF. Nafuu ilikuja upesi. Nguvu ya dawa ilipokwisha, maumivu yalirejea.

Lakini TNF hiyohiyo huimarisha ukuta wa seli unaovifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala. Ikizuiwa, ukuta hulegea. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kutumia infliksimabu. Katika nchi zetu, kupima kifua kikuu kilichojificha kabla ya kuanza dawa hizo si hiari.

Dawa hizo ni ghali, nasi huanza, tena ipasavyo, na methotreksati. Hapa naomba nisikike vizuri: humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu. Daktari aandike jina la siku kwenye cheti, mfamasia alitamke, na mgonjwa asione haya kuuliza. Asidi ya foliki humezwa siku nyingine. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asiitumie kabisa.

Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12. Wengi huiacha dawa wiki ya tatu, wakarudia sindano za steroidi zinazotuliza upesi, huku gegedu likiendelea kulika.