Ua Lisilo na Jina Lisitiwe Birikani

Mwanafunzi akifungua kamusi kutafuta jina la ua fulani, mara nyingi hukutana na fasili fupi: "aina ya ua". Sisi wanaisimu tumeuzoea uvivu huo na kuusamehe, maana msomaji wa shairi hahitaji kujua zaidi ya kwamba ua hilo lanukia. Lakini anayetaka kulitia katika maji moto na kuyanywa ana haja kubwa zaidi, na sasa vinywaji vya maua vimejaa madukani mwetu.

Tulitazame kwanza neno chai. Kwa asili ni jani la mmea mmoja, ule ule uchumwao Kericho na Limuru. Neno lilitoka China likapitia Uajemi, ilhali Wazungu wa magharibi waliokota umbo jingine, "te", kwa watu wa pwani ya Fujian. Sisi tukalipanua: chai ya tangawizi, chai ya mchaichai, hata chai ya karani asiyeliona faili lako mpaka umwonjeshe. Upanuzi huo hauna madhara (wa karani una madhara yake mengine). Hatari huzuka jina la ua nalo linapopanuliwa ovyo.

Chukua yasmini, au asumini kama wasemavyo wengi wa Pwani. Huko Fuzhou, katika jimbo hilo hilo la Fujian, vichomozo vyake huchumwa mchana vikiwa bado vimefumba. Usiku vikifunuka, hulazwa pamoja na majani ya chai ili majani yanywe harufu. Kisha maua hupepetwa na kuondolewa, na kazi hurudiwa kwa maua mapya. Ni yasmini ile ile ambayo mwanamke wa Lamu huivaa nyweleni. Sasa vuka bahari hadi kusini-mashariki mwa Marekani. Kuna mmea utambaao, wenye maua ya manjano na harufu tamu, uitwao yasmini ya Carolina. Hauna udugu wowote na yasmini, na kila sehemu yake ina sumu.

Mfano wa heri ni choya, ambayo wataalamu huiita Hibiscus sabdariffa. Wamisri na Wasudani huijua kama karkade, Wasenegali bissap, nasi Wakenya twanunua pakiti yenye jina la Kiingereza huku wenzetu wa Tanzania wakiwa na neno tayari! Watu husema ni chai ya maua, lakini petali hunyauka upesi zikaanguka. Kinachokaushwa ni sepali nene nyekundu zilizolizunguka tunda. Kiganja kimoja chatosha lita moja ya maji yaliyochemka. Funika dakika kumi, chuja, tia sukari. Epuka sufuria ya alumini, kwa kuwa kinywaji hiki kina asidi. Mwalimu wa sayansi akidondoshea magadi kidogo katika glasi moja (isiyonywewa), wanafunzi wataona wekundu ukigeuka kuwa samawati au kijani. Anayetumia dawa za shinikizo la damu amwulize daktari kwanza, maana choya nayo huweza kulishusha.

Je, tuna nini nje ya milango yetu? Katika nyanda za juu, boma nyingi zimepambwa kwa kichaka chenye maua makubwa, meupe au ya manjano, yaning'iniayo kama tarumbeta na kunukia sana jioni. Kichaka hicho, Brugmansia, ni ndugu wa mnanaha. Vyote viwili vina atropini na skopolamini, kemikali zimtiazo mtu kichaa cha muda, zikamwendesha moyo mbio na hata kumwua. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Oleanda nayo, ya maua ya waridi, hushambulia moyo. Kiswahili, kwa bahati, huandika ua na ua kwa herufi zile zile. Moja ni nomino, jingine ni kitenzi.

Wanafunzi wangu wameandika tasnifu nzuri juu ya istilahi za sheria na kompyuta. Sijapokea hata moja juu ya majina ya mimea ya bustani. Kabla ya huyo mtafiti kupatikana, walimu wa Kiswahili na wa sayansi wanaweza kuzunguka pamoja uwanja wa shule yao na kutundika kibao kwenye kila kichaka: jina la Kiswahili, jina la lugha ya wenyeji, jina la kitaalamu, na pale panapostahili, neno sumu kwa herufi kubwa.