Kigae na Chimbuko la Udongo Wake: Mfano wa Kasese na Bwera
Chumvi ya Katwe, wilayani Kasese, iliwavuta wachuuzi kutoka mbali. Je, vigae vya huko ni vya vyungu vya wenyeji au vya wageni? Kemia hulijibu swali hili kwa kulinganisha viwango vya elementi katika kigae na katika udongo wa machimbo. Miamba ya volkano ya Katwe ina potasiamu na bariamu nyingi kuliko miamba mikongwe ya Rwenzori. Tofauti hiyo yatarajiwa kuonekana udongoni. Hata hivyo, mfinyanzi achanganyapo mchanga na udongo, vipimo hubadilika. Kwa hiyo maarifa ya wafinyanzi, pamoja na majina ya machimbo kwa Lukonzo, yakusanywe Bwera na ng'ambo ya mpaka wa Kongo kabla machimbo hayajafukiwa. Bila sampuli hizo, maabara haina cha kulinganisha.