Uzio Mmoja, Maswali Kumi na Mawili

Mama mmoja, mwanawe akiwa wa kutwa, aliketi mbele ya kompyuta ya shule akajaza maswali yote ya bweni: godoro, dawa za mtoto, nani atamchukua siku ya kufunga shule. Fomu niliitengeneza mimi. Niliumia kumwona akipoteza nusu saa kwa mambo yasiyomhusu.

Nikaanza kuzifunga nafasi za maswali hayo kwa JavaScript, lugha aliyoiunda Brendan Eich mwaka 1995. Nafasi 12, mistari 12. Nilipoongeza ya 13 nikasahau mstari wake, ikabaki wazi peke yake.

Dawa ilikuwa ndani ya HTML yenyewe: tagi ya fieldset. Maswali ya jamii moja unayazungushia uzio, na uzio ukipata neno disabled, vyote vilivyomo vinapauka, havibofyeki, na kitufe cha Tab kinavipita. Vinavyosalimika ni vile tu vilivyo ndani ya legend ya kwanza, yaani kichwa cha kundi. Ndipo ninapoweka kisanduku cha tiki, “Mtoto atalala bweni”: kimo ndani ya uzio, lakini hakifungwi nao. Kisha mstari mmoja, ambamo bweni ni ule uzio na tiki ni kile kisanduku:

bweni.disabled = !tiki.checked;

Ile alama ya mshangao maana yake “si”: tiki isipokuwepo, uzio umefungwa. Mstari huo uendeshe tiki inapobadilika, na pia ukurasa unapofunguka. Kwenye HTML usiandike disabled="false" ukidhani umefungua; neno hilo likiwepo tu, pamefungwa.

Lakini kuna jambo lililonigharimu zaidi. Kilichofungwa hakitumwi. Mwaka uliofuata niliifunga nafasi ya simu ya mzazi ili namba isibadilishwe ovyo. Kwenye skrini namba ilionekana vizuri. Ofisini ilifika tupu. Usiku mmoja mtoto akapandwa na homa, matroni akafungua faili, hana pa kupiga. Alizunguka kwa majirani wa shule mpaka akampata mtu anayeijua familia.

Siku hizi, kitu cha kusomwa bila kuguswa nakipa readonly, kwa sababu hicho hutumwa. Readonly haiwekwi kwenye uzio; huandikwa nafasi kwa nafasi. Sioni uvivu. Na kabla ya kukabidhi fomu yoyote, naijaza mwenyewe, naituma, halafu naenda upande wa pili kuitafuta ile namba ya simu.