Filamu za Kikristo Lualaba: watazamaji wapo, soko halijajengwa

Biashara ya filamu za Kikristo hustawi pale kanisa linapokuwa muuzaji wa tiketi, na jimbo la Lualaba, nchini Kongo (DRC), lina makanisa mengi kuliko majumba ya sinema. Hata hivyo, kutoka Kolwezi hadi Mutshatsha, filamu ya imani hufika zaidi kama bidhaa ya Nigeria, Kinshasa au Marekani, ikipita kwenye flashi na simu bila kumrudishia mtengenezaji chochote. Kinachokosekana ni utaratibu wa kununua, na hadithi inayofaa kuuanzisha ni ile ya mtu mwenye shaka anayefika kwenye imani kwa kuuliza maswali.

Marekani imeshaonyesha kwamba hadithi ya namna hiyo, ikiuzwa kupitia kanisa, inalipa. Mwaka 2008 kanisa la Sherwood Baptist la Albany, Georgia, lilitoa Fireproof, kisa cha mzimamoto asiyejali dini ambaye ndoa yake inakaribia kuvunjika. Waumini walijitolea kuigiza, gharama ikawa kama dola 500,000, na mapato yakapita dola milioni 33. Mwaka 2017 ikaja The Case for Christ, kuhusu Lee Strobel, mwandishi wa Chicago Tribune aliyechunguza ufufuo ili aupinge baada ya mkewe kuokoka. Iligharimu kama dola milioni 3 na kuingiza karibu milioni 18. Kwa Hollywood hizo ni fedha ndogo, lakini kwa watengenezaji ni faida nono, na imetokana na wachungaji kuzitangaza filamu hizi na vikundi vya waumini kununua viti kwa pamoja.

Kongo nayo ina mtaji wake. Mapadre wa shirika la Scheut walipiga filamu tangu enzi za ukoloni, vikiwemo vichekesho vya Matamata na Pilipili vya Padre Albert Van Haelst. Kinshasa, vikundi kama Cinarc, alichokichunguza mwanaanthropolojia Katrien Pype katika kitabu chake cha mwaka 2012, vilijaza televisheni michezo ya kilokole. Lubumbashi, kundi la maigizo la Mufwankolo lilithibitisha kwamba Kiswahili cha mjini kina hadhira yake. Lakini katika michezo mingi ya Kinshasa na Nigeria shaka hushindwa kwa muujiza: mchawi anafichuliwa, mchungaji anaomba, kesi imekwisha. Ukanda wa shaba, ambamo Lualaba imo, una urithi mwingine pia. Jamaa, harakati aliyoianzisha Padre Placide Tempels huko Kolwezi miaka ya 1950 kati ya wafanyakazi wa migodi, ilikua kwa mazungumzo marefu ya mume, mke na padre. Hata leo, fundi umeme au mjiolojia wa mgodini amezoea kudai ushahidi, na filamu inayoheshimu tabia hiyo itamvuta. Tena ni nafuu kuitengeneza, kwani mazungumzo yanahitaji nyumba, meza na waigizaji hodari.

Wapo watakaosema Injili haiuzwi. Lakini makanisa hununua vipaza sauti, vinanda na sare za kwaya, na hakuna anayeona ni dhambi kumlipa fundi. Hata filamu ya Yesu ya mwaka 1979, inayoonyeshwa bure duniani kote, ililipiwa mamilioni ya dola na wafadhili. Wengine wataogopa nakala za wizi, na hofu hiyo ni ya haki; ndiyo maana kinachopaswa kuuzwa kwanza ni kiti ukumbini, na nakala zitoke baada ya mzunguko wa parokia kukamilika. Umeme hukatika ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, lakini projekta moja na jenereta ndogo vinatosha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba filamu iliyokusudiwa kuongoa watu huwa mahubiri yaliyovishwa mavazi ya uigizaji. Dawa yake ni kumpa mwenye shaka hoja nzito kweli, kwa sababu mtazamaji anayeona swali lake limekwepwa hanunui tiketi ya pili. Hapo uaminifu wa msanii na maslahi ya mfanyabiashara vinakwenda pamoja.

Hatua ya kwanza, basi, itangulie kamera. Dayosisi ya Katoliki ya Kolwezi, Wamethodisti, waumini wa kanisa la Garenganze na Wapentekoste wakubaliane kuagiza viti mapema kwa filamu moja ya Kiswahili, kisha ionyeshwe mji kwa mji kwenye njia ya reli: Kolwezi, Mutshatsha, Kasaji, Dilolo. Mwandishi na waigizaji wakishajua nani atanunua, watathubutu kuandika na kuigiza. Bila agizo hilo, Lualaba itaendelea kutazama imani yake ikisimuliwa na wengine.