Ukipiga risasi transfoma kwa hasira za umeme kukatika, nini hutokea?

Umeme umekata tangu saa moja jioni. Simu imebaki asilimia 9, nyama kwenye friji imeanza kulegea, mtoto analia joto, na namba ya dharura inaita tu bila kupokelewa. Ukichungulia nje, juu ya nguzo kuna lile boksi la chuma, limetulia kimya kama vile halihusiki. Mwenye jiwe mkononi anatamani kulirushia. Na mwenye bunduki je?

Si utani. Wapo watu waliopiga risasi vifaa vya umeme, na wapo waliovamia kituo cha umeme kwa sababu walichoshwa na giza. Baadhi ya matukio hayo yalichunguzwa kwa kina, kwa hiyo tunajua vizuri nini kilifuata. Kwa kifupi: giza liliongezeka.

Lakini tuanze na lile boksi lenyewe, kwa sababu mara nyingi linaonewa.

Transfoma haina kosa

Kazi ya transfoma ya mtaani (kwenye taarifa rasmi utaona imeandikwa mashineumba) ni kushusha nguvu ya umeme. Waya za juu zinaleta umeme wa volti 11,000 au 33,000. Ukiuingiza nyumbani hivyo hivyo, hakuna friji wala ukuta utakaobaki. Transfoma inaushusha hadi volti 230 hivi, ule unaochaji simu yako.

Sasa umeme unapokata, chanzo mara nyingi kiko mbali na hapo. Inawezekana mti umeangukia waya kilomita kumi kutoka kwako. Inawezekana fyuzi ya juu ya nguzo imeungua (ule mlio wa "paa!" ambao watu hudhani ni bunduki). Inawezekana kituo cha kupoza umeme kimejizima chenyewe kwa usalama, au ni mgao tu na mtu fulani kazima laini yenu kwa ratiba. Transfoma yenu iko salama kabisa, inasubiri umeme kama wewe unavyousubiri. Kuipiga ni sawa na kumchapa tarishi kwa sababu barua haijaandikwa.

Ndani kuna nini?

Ndani ya boksi kuna chuma kilichozungushiwa nyaya za shaba, na vyote vimezama kwenye mafuta. Hayo mafuta hayaungui kuzalisha umeme, kama wengine wanavyofikiri. Yana kazi mbili: kuzuia umeme usiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine, na kubeba joto kutoka katikati kwenda nje. Ndiyo maana transfoma nyingi zina mabomba au mapezi pembeni, kama rejeta ya gari. Mafuta ya moto yanapanda, yanapita kwenye mapezi, yanapoa, yanarudi chini.

Risasi ikitoboa hapo, kwa kawaida hakuna mlipuko wa sinema. Kinachotokea ni cha polepole na kibaya zaidi. Mafuta yanavuja. Joto linapanda. Kama ni transfoma kubwa ya kituoni, vifaa vya ulinzi vinagundua kwamba mafuta yamepungua au joto limezidi, vinaizima. Kama ni ndogo ya nguzoni, huenda haina ulinzi huo wote, hivyo umeme ukirudi inaendelea kufanya kazi huku inakauka, hadi shaba zinaungua na kushikana. Hapo ndipo moto unaweza kuzuka, na chini yake pengine kuna kibanda cha chipsi.

Risasi ikipiga vikombe, yaani vile vya kaure vinavyoshikilia waya usiguse chuma cha nguzo, vinapasuka na umeme unapata njia ya kwenda ardhini. Ikipiga waya wenyewe, mara nyingi haukatiki papo hapo. Waya mkubwa wa umeme ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Zikikatika tatu nne, zilizobaki zinabeba mzigo wote, zinapata joto, zinadhoofika, na siku nyingine kabisa waya unaanguka. Anaweza kuwa anapita mtoto wa shule ambaye hajui kwamba kuna mtu alikasirika wiki iliyopita.

Dakika 20, lita karibu 200,000

Tukio linalotajwa sana ni la Metcalf, karibu na San Jose, California. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2013, watu wasiojulikana walikata kwanza nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya ardhi, kisha wakaanza kukipiga risasi kituo cha umeme cha kampuni ya PG&E. Walipiga kwa takriban dakika 20. Maganda zaidi ya 100 ya risasi yaliokotwa baadaye.

Walilenga mapezi ya kupoza. Transfoma 17 ziliharibika, mafuta zaidi ya galoni 50,000 yakamwagika, ambayo ni karibu lita 200,000. Hasara ilizidi dola milioni 15, na kazi ya kukirudisha kituo ilichukua karibu mwezi mzima.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakazi wengi wala hawakujua kilichotokea. Wahudumu wa gridi walielekeza umeme kwenye njia nyingine, na mitambo mingine ikaombwa kuongeza uzalishaji. Ndiyo faida ya kuwa na njia nyingi: moja ikifungwa unapitia nyingine. Maeneo mengi ya kwetu hayana anasa hiyo. Laini ni moja, inakuja kijijini inaishia hapo.

Na Moore, North Carolina, ilikuwa hivyo hivyo karibu. Jumamosi jioni, tarehe 3 Desemba 2022, vituo viwili vya kampuni ya Duke Energy katika kaunti hiyo vilipigwa risasi. Wateja kama 45,000 wakawa gizani, katika msimu wa baridi. Shule zilifungwa, amri ya kutotoka nje ikawekwa kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, taa za barabarani zikazimika. Umeme ulirudi kwa wote Jumatano, siku ya nne.

Kuna mama mzee aliyekuwa akitegemea mashine ya oksijeni. Umeme ulipokata, mashine ikazima, naye akafariki. Wachunguzi wa vifo wa jimbo hilo baadaye waliandika kwamba kifo chake ni cha kuuawa. Aliyepiga risasi alilenga chuma, pengine hata hakujua kwamba mama huyo yupo duniani.

Waliochoshwa na giza

Waliofyatua risasi Metcalf na Moore hatujui walikuwa na kinyongo gani. Lebanon ni habari tofauti, na hii ndiyo inayofanana zaidi na ile hasira yako ya saa moja jioni.

Tangu uchumi wa nchi hiyo uanze kuporomoka mwaka 2019, umeme wa serikali ulipungua hadi ukafika saa moja au mbili kwa siku sehemu nyingi. Tarehe 9 Oktoba 2021 nchi nzima ilikuwa gizani baada ya mitambo miwili mikubwa, Deir Ammar na Zahrani, kuishiwa mafuta. Waliokuwa na pesa walilipia jenereta za watu binafsi. Wasio nazo, mshumaa.

Januari 8, 2022, waandamanaji waliokasirishwa na kukatika kwa umeme waliingia kwenye kituo cha Aramoun, kusini mwa Beirut, wakachezea vifaa na kukata laini. Shirika la umeme la nchi hiyo likasema kitendo hicho kiliyumbisha mtandao wote, na saa 11 na dakika kadhaa jioni Lebanon yote ikazima. Wao walitaka saa chache zaidi za umeme. Wakapata sifuri, na majirani zao wa mikoa mingine ambao hata hawakuandamana wakapata sifuri pamoja nao.

Siwalaumu kwa hasira. Mtu anayelipa bili na kupata saa moja ya umeme ana haki ya kupiga kelele. Ila gridi haijui nani ana haki. Mitambo yote imefungwa pamoja na inazunguka kwa mwendo mmoja. Kimoja kikitoka ghafla, vingine vinabebeshwa mzigo wake, navyo vikizidiwa vinajizima kujiokoa. Ni kama watu wanaobeba jeneza: mmoja akiachia ghafla, wa pili anapinda, wa tatu anaangusha.

Kenya wanalifahamu hili vizuri. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akadondokea transfoma, ikajizima. Megawati zaidi ya 180 zikapotea mara moja na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Sasa fikiria kama mnyama mmoja asiye na nia mbaya anaweza hivyo, mtu mwenye bunduki na nia je?

Kwa nini hawabadilishi tu?

Transfoma ya nguzoni inaweza kupatikana kama ipo stoo. Kama haipo, mtaa unasubiri, na nimeona mtaa ukisubiri wiki kadhaa huku kila mtu akimtumia meseji mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Zile kubwa za vituoni ni shughuli nyingine kabisa. Hazikai dukani. Zinatengenezwa kwa kuagizwa, kila moja kwa vipimo vyake, zinaweza kuwa na uzito wa tani mia moja na kuendelea, na kuisubiri moja kunaweza kuchukua mwaka au zaidi. Halafu isafirishwe kwa meli, ishushwe bandarini, ipite kwenye madaraja ambayo lazima yakaguliwe kwanza kama yataibeba.

Kwetu Afrika Mashariki bunduki mikononi mwa raia si nyingi, kwa hiyo transfoma zetu zinaumia kwa njia nyingine: mawe, misumeno, na wizi wa mafuta. Nchini Kenya iliwahi kuripotiwa kwamba mafuta ya transfoma yanaibwa na kuuzwa kwa wakaanga chipsi kwa sababu hayaishi haraka kwenye karai. (Ukila kitu hicho, ni shauri ya tumbo lako, na transfoma za zamani zaidi zilikuwa na kemikali zenye sumu ndani.) Matokeo kwa transfoma ni yale yale ya risasi: mafuta yameisha, joto limepanda, imeungua. Na mahakamani hakuna anayeuliza kama ulikuwa na hasira. Tanzania, kesi za kuharibu miundombinu ya umeme zimewahi kufunguliwa kama uhujumu uchumi, shitaka ambalo hutamani kulisikia likisomwa na jina lako.

Kama waya umeanguka au transfoma inavuja

Usidhani waya umekufa kwa sababu mtaa wote uko gizani. Laini nyingi zina swichi inayojaribu kurudisha umeme yenyewe baada ya sekunde chache, mara mbili au tatu. Pia jirani aliyewasha jenereta bila kujitenga na laini ya nje anaweza kusukuma umeme kinyumenyume: unaingia kwenye transfoma kwa volti 230, unatoka upande wa pili ukiwa maelfu. Mafundi wamekufa kwa sababu ya hilo.

Kaa mbali, angalau mita kumi. Umeme unaoingia ardhini unasambaa, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Miguu ikiwa imetanuka, mguu mmoja unaweza kuwa kwenye umeme mkali kuliko mwingine, na umeme ukapita mwilini mwako. Kama tayari uko karibu, bana miguu pamoja na utoke kwa kuburuza hatua fupi fupi. Moto wa transfoma usiumwagie maji.

Na kabla ya kupiga simu, angalia kama na majirani wamekatiwa. Kama ni kwako tu, tazama swichi kuu na units za mita kwanza, wengi tumeshawahi kuaibika hapo. Kama ni mtaa mzima, taja namba ya mita, namba iliyoandikwa kwenye nguzo au transfoma, na ulichokisikia: mlio mmoja, cheche, mti kuanguka. Fundi aliyeambiwa "fyuzi imelia kwenye nguzo ya karibu na msikiti" anakuja na fyuzi. Aliyeambiwa "hakuna umeme" anaanza kuzunguka na tochi. Omba namba ya taarifa na uiandike, maana kama utahitaji kulalamika baadaye, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma.

Ukimaliza, chomoa friji na TV. Umeme unaporudi mara nyingi unaruka juu kidogo kabla ya kutulia, na huo ndio unaoua vyombo. Acha taa moja tu ikiwa imewashwa ili ujue umerudi.